Kidole Gumba cha Bwana Obernauer

Katika Mtaa wa Church, New York, ambako ghala za taraza, nakshi za uzi juu ya kitambaa, zilipangana bega kwa bega, Feist Obernauer alijulikana kwa kidole gumba chake. Wafanyabiashara wenzake walipoletewa kitambaa wakashindwa kujua kama kimetariziwa kwa mkono au kwa mashine, walivuka barabara wakampelekea. Alifumba macho, akapitisha kidole juu ya maua mara moja, kama mtu anayefuta vumbi, kisha akasema, "Mashine. Ya Uswisi. Na mwendeshaji wake alikuwa na usingizi." Watu walicheka, lakini hakuna aliyebisha. Kwa miaka thelathini kidole kile hakikuwahi kukosea.

Mwaka ule kilikosea, na kikakosea mahali pasipostahili kabisa.

Mkewe, Breinle, alifariki wakati wa baridi, siku chache baada ya sikukuu ya taa. Alikuwa akitarizi utepe wa mjukuu wao Gerson. Kwa watu wa kwao, Wayahudi waliotoka vijiji vya Ujerumani vya kando ya mto Rhine, kitani alichofungiwa mtoto wa kiume siku ya tohara hakitupwi. Hufuliwa, hukatwa vipande vinne, vikaunganishwa kuwa utepe mmoja mrefu, na mwanamke wa nyumbani hutarizi juu yake, kwa Kiebrania, jina la mtoto, siku aliyozaliwa, na dua kwamba Mungu amkuze afikie Torati, na arusi, na matendo mema. Mtoto akitimiza miaka mitatu hubebwa hadi sinagogi, na utepe wake hufungwa kuzunguka gombo la Torati.

Breinle alifika ukingoni mwa matendo mema, asivuke. Maneno hayo mawili yalibaki yamechorwa tu kwa penseli na mwalimu mzee wa sinagogi, yakingoja uzi.

"Feist," alisema siku ya mwisho, sauti ikiwa nyembamba. "Utepe wa Gerson."

"Sabato yake itakapofika atakwenda nao. Nakuahidi."

"Usisahau."

"Mimi nisahau kitambaa?"

Breinle alitabasamu, kwa kuwa kweli mumewe aliwahi kusahau mwavuli, miwani, hata siku ya kuzaliwa ya bintiye, lakini kitambaa, kamwe.

Baada ya siku saba za kuketi chini kwa matanga, Feist alirudi kazini, ghalani chini ya nyumba yao. Miezi ile ilimpita kama mtu anayetembea ndani ya maji. Taraza nyeupe zilining'inia kutoka rafu za juu, na hewa ya mlango ilipozitikisa, aliona kama mvuke unaopanda mtoni alfajiri. Mara nyingine alisikia sindano ikitoboa kitani kilichovutwa kwenye fremu, tup, tup, kwenye meza ya Breinle iliyokuwa kando ya dirisha la nyuma. Hakugeuka. Alijua akigeuka sauti itakatika.

Juma moja kabla Gerson hajatimiza miaka mitatu, Feist aliivuta droo ya meza ile. Ilikuwa na nyuzi za buluu, mkasi mdogo wenye umbo la korongo, na subana ya kukinga kidole. Utepe haukuwamo.

Alimwita binti yake, Rosalie, mama yake Gerson, ambaye siku hizo alikuja kila asubuhi kumpikia.

"Baba, mimi sijagusa humo. Nitaguseje?" Rosalie alijifuta mikono kwenye aproni. "Na usihangaike sana. Watu wengi siku hizi hawaleti tena. Mama mkwe anasema ni mambo ya kijijini. Tutanunua hariri, tuandikishe jina, yaishe."

"Yaishe?"

"Samahani. Nimesema vibaya." Alimtazama baba yake usoni, akaja akaketi kando yake. "Mara ya mwisho uliuona wapi?"

"Humu humu. Aliuzungusha kwenye kadi ya samawati, kama anavyo..."

Akanyamaza. Kadi za samawati zilikuwa kadi za duka. Kila taraza iliyotoka kwa Obernauer ilizungushwa kwenye kadi ya samawati, mwanzo ukiwa nje ili mnunuzi auone, na Breinle, ambaye hakupenda kupoteza kitu, alichukua kadi ile ile ya dukani. Mwanzo wa utepe haukuwa na herufi. Ulikuwa na mzabibu na ndege wawili.

Sasa Feist aliiona ile siku ya kwanza baada ya matanga kama mtu anayeangalia ndani ya kisima. Anakusanya sampuli za Koppel, mpwa wake anayezitembeza bara. Nyingine zimerundikwa juu ya meza ya Breinle, nyingine zimo ndani ya droo. Anazipitishia kidole gumba moja moja, kwa mazoea. Mzabibu. Ndege. Anatia sandukuni.

"Ni mimi," alisema. "Niliugusa, na sikumjua mama yako."

*

Koppel alipatikana kwenye mkahawa wa chakula halali cha Wayahudi karibu na bandari ya feri, akila samaki.

"Mjomba! Karibu. Leo umeingia hotelini mwenyewe? Dunia inakwisha."

"Koppel, Januari ulibeba taraza ya mzabibu na ndege wawili."

"Mzabibu, mzabibu..." Koppel alilamba mwiba wa samaki akifikiri. "Ehe! Kleinbach, kule Pennsylvania. Mwisho wa safari niliuza sampuli zote kwa mwenye duka mmoja, Zook. Naikumbuka kwa sababu kulikuwa na mama mmoja pale, hawa Wakristo wa Kimenoni wenye kofia nyeupe. Aliishika, akasema, 'Hii si mashine.' Nikamcheka. Nikamwambia, mama, mjomba wangu akifumba macho anajua mpaka jina la aliyeshona. Ingekuwa ya mkono, isingekuwa kwenye sanduku hili."

Koppel aliacha kutafuna alipouona uso wa mjombake.

"Mjomba, nimesema nini?"

"Umesema kweli," Feist alijibu. "Kula, mwanangu."

*

Alipanda garimoshi Jumatatu asubuhi, akiwa na mkate na jibini ndani ya kitambaa. Alisema dua ya safari, kisha akaendelea kuomba kwa maneno yake mwenyewe, jambo ambalo hakulizoea. Maneno ya kitabuni yalikuwa na njia iliyokwisha kulimwa. Haya yake yalijikwaa. Alimwomba Mungu utepe uwe haujakatwa. Kina mama huko bara walinunua taraza ili waikate, huku mkono wa gauni, huku shingo. Jina la Gerson lingeweza kuwa limeshonwa kwenye foronya tatu.

Joto la jua kwenye kioo lilimlaza. Akaota reli ni kitani, na garimoshi ni sindano, likiingia ardhini kwenye vilima na kutokea upande wa pili, likivuta nyuma yake uzi wa buluu. Breinle aliketi kiti cha mbele, kofia yake ya safari kichwani, akiangalia nje. "Mishono mirefu mno hii," alisema. "Nani anashona?" Feist alitaka kumjibu lakini kondakta alipita akitangaza stesheni.

Kutoka stesheni mkulima mmoja alimpakia kwenye gari lake la farasi. Na hapo ndoto ikawa kama haijaisha, maana mkulima yule alizungumza Kijerumani kile kile cha bibi yake Feist, maneno ambayo hata New York yalikwisha kusahaulika. Mababu wa watu wale waliuacha Rhine zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakaja na lugha yao kama mtu anayekuja na mbegu mfukoni. Feist alifumba macho akasikiliza. Alijiona ana miaka saba, anapelekwa mnadani.

Zook wa dukani hakusita hata kidogo. "Utepe wa ndege? Yule ni Salome Hiestand. Nyumba ya mawe, pita kinu. Nilimwambia Salome, nyinyi hamvai marembo, wataka taraza ya nini? Akaniambia nishughulike na chumvi yangu."

*

Salome Hiestand alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, mikono imejaa unga hadi viwikoni. Alimtazama Feist, akayatazama mavumbi kwenye viatu vyake.

"Wewe si mchuuzi. Huna mzigo."

"Zamani nilikuwa, mama. Nilibeba mgongoni miaka minne."

"Basi ingia. Mayai ya kuchemsha, na maganda yake, na kahawa kwenye glasi. Siyo? Wachuuzi wenu wote hula hivyo hapa, hawali kwenye vyombo vyetu. Abram, mume wangu, husema kuku zetu wameshakuwa Wayahudi."

Feist alicheka bila kutarajia. Alikuwa hajacheka tangu baridi. Lakini alipoingia alisimama hapo hapo, maana mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi, na juu yake, nusu huku na nusu kule, ulining'inia utepe. Mzima. Haukukatwa. Upepo wa dirishani uliuinua kidogo, ukaushusha, kama kitu kinachopumua.

"Ah," Salome alisema taratibu. "Umeujia huo."

"Mama, ulipotea kwa kosa langu. Nitakupa badala yake chochote. Nina taraza za Uswisi ambazo..."

"Nizivalie wapi? Mchungaji anitoe kanisani?" Aliweka mayai mezani. "Sisi hatujipambi mwilini. Ila kitambaa cha mlangoni, hicho kila binti hukishona kabla hajaolewa. Naujua mkono wa mtu. Siku ile dukani niliushika nikasema, huyu ni mtu. Yule kijana akanicheka."

"Ni mpwa wangu. Anajuta."

"Asijute, aoe." Salome aliketi. Alikwangua unga chini ya kucha. "Niambie jambo moja kabla hatujaongea mengine. Aliyeshona, alikuwa mgonjwa?"

Feist aliliweka yai chini.

"Kwa sababu mwanzoni mishono yake ni midogo, imelala sawasawa, hata nikaona wivu. Halafu huku mwishoni inakua. Inakuwa mirefu. Mtu anayechoka huruka nyuzi za kitani, hana nguvu ya kuzihesabu. Kisha inakatika, na mbele kuna penseli tupu. Nilikaa nao jioni nzima magotini. Nikamwambia Abram, huyu mtu hakuacha. Ameachishwa."

"Ni mke wangu," Feist alisema. Na kwa kuwa walikuwa wakizungumza lugha ya utotoni mwake, maneno yalitoka bila nguo. "Mimi nauza taraza, mama. New York nzima inaniletea vitambaa nivishike. Nikaushika huu, siku nane baada ya kumzika, nikautia kwenye sanduku pamoja na vya mashine. Wewe uliyekuwa humjui ulimjua."

Salome hakumpa pole. Alimsogezea chumvi.

"Ulikuwa na msiba. Mama yangu alipofariki nilikwenda bandani kukamua ng'ombe, nikamkamua dume. Muulize Abram." Alisubiri mpaka pembe ya mdomo wa Feist ikatikisika. "Sasa uushushe. Lakini utazame vizuri mwisho wake, usije ukakasirika ukiwa njiani nisiweze kukujibu."

Feist aliushusha. Alipita mzabibu, ndege, jina, siku ya kuzaliwa, Torati, arusi, vyote kwa buluu ya Breinle. Kisha mikono yake ikasimama. Palipokuwa na penseli tupu palikuwa na uzi mwekundu. Maneno mawili yalikuwa yamejazwa, herufi kwa herufi.

"Sina buluu," Salome alisema. "Nina nyekundu tu. Nilifuata penseli. Sikujua kama ni maandishi au ni vibanda au ni nini. Hapo katikati penseli ilikuwa imefutika, nikatia ua, maana niliogopa kubahatisha. Kazi ya mtu aliyeachishwa haifai kuachwa hivyo. Ila kama nimeharibu, sema."

Feist aliinamia utepe. Aliangalia ua dogo jekundu lililokaa mahali pa nusu ya herufi. Neno lilisomeka, lakini ua lilikuwa ua.

"Yanasemaje?" Salome aliuliza. "Nilichoshona. Nimekaa nacho miezi minne."

Alimsomea dua yote tangu mwanzo, akiitafsiri. Alipofika mwisho akasema, "Na matendo mema. Hapo ndipo ulipoingia wewe."

Salome aliangalia mikono yake yenye unga. Masikio yakamwiva kama ya msichana. "Gerson," alisema. "Basi nilikuwa namwombea mtoto nisiyemjua." Kisha akasimama ghafla. "Kula yai, mzee wangu. Linapoa."

*

Mtumishi wa sinagogi, Gumprich, alikuwa mtu mfupi aliyekagua kila kitu kilichokaribia Torati kama afisa wa forodha. Jumatano alikuja ghalani, akaukunjua utepe juu ya meza ya Breinle.

"Breinle, apumzike kwa amani. Angalia ndege huyu, karibu aruke. Na hapa... Feist. Hii nyekundu ni nini?"

Feist alimwambia yote. Habari za mwanamke wa Kimenoni, za mayai, za penseli.

"Hajui hata alifu," Gumprich alisema.

"Hajui."

"Na hili ua?"

"Ndipo penseli ilipofutika."

Gumprich alipumua kwa pua. "Sikatai kwamba ni mama mwema. Sheria haimkatazi, nitakwambia kweli. Lakini ni utepe wa Breinle. Watu watauliza. Mwisho ndio unaobaki nje ukishafungwa, Feist, mwisho ndio kila mtu atauona. Fumua hiyo nyekundu. Rosalie atie buluu ya mama yake, uzi si upo? Sabato bado siku tatu. Mimi ningefumua."

Rosalie, aliyesimama mlangoni na Gerson mkononi, alisema, "Naweza, Baba. Ni maneno mawili tu."

Gumprich alipoondoka, Feist aliketi kwenye kiti cha mkewe. Jua la alasiri liliingia kupitia taraza zilizoning'inia, likaangusha maua ya kivuli juu ya meza, juu ya utepe, juu ya mikono yake. Alichukua mkasi wenye umbo la korongo, akautia ncha chini ya mshono wa kwanza mwekundu.

Akasimama. Aliuweka mkasi. Aliomba, si kwa maneno, alinyamaza tu mbele ya Mungu kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Kisha akafumba macho na kuweka kidole gumba juu ya mwanzo wa utepe.

Alikwenda polepole. Hapa Breinle ni mzima, anahesabu nyuzi, anaimba kwa chinichini. Hapa ameinuka kuangalia jiko, amerudi. Hapa majani yanaanguka nje na ameanza kukohoa. Hapa mishono inarefuka. Hapa anapumzika kati ya mshono na mshono, na Feist, aliyekuwa chumba kile kile akipanga jora za kitambaa, hakuwa ameona. Sasa aliona. Kidole kilitembea naye, na machozi yakampitia kwenye ndevu. Mishono ikawa mirefu sana, ya mtu anayeburuta miguu.

Alisubiri mahali pa kukatika. Hapakukatika.

Mishono iliyofuata ilikuwa mirefu vilevile. Salome alianza kwa hatua ile ile ya mgonjwa, kama mtu anayemshika mwenzake mkono na kutembea kwa mwendo wake, asimkimbize. Kisha, herufi moja baada ya nyingine, ikapungua. Kidogo. Kidogo tena. Kufikia lile ua ilikuwa imelala sawasawa, na katika neno la mwisho ilikuwa midogo, mizuri, ya mikono iliyopata nafuu. Machoni palikuwa na buluu na nyekundu, wanawake wawili wasiowahi kuonana. Kidoleni palikuwa na mkono mmoja ulioumwa, ukaumwa sana, ukapona.

Alirudia tena ili awe na hakika. Mara hii hakikukosea.

"Baba?" Rosalie aliuliza. "Nilete uzi?"

"Njoo ushike," Feist alisema. "Fumba macho kwanza."

Rosalie alimweka Gerson chini, akafumba macho. Feist aliushika mkono wake na kuupitisha. Alipofika mwisho Rosalie hakuuondoa.

"Mama," alisema.

Mkasi ulirudi ndani ya droo.

*

Sabato ile Gerson alivikwa koti jipya alilolichukia. Emil, baba yake, alimbeba hadi mbele, na mtoto, akiwa ameshika kadi ya samawati ambayo alikataa katakata kuiachia, alisaidia kwa mkono mmoja utepe ulipozungushwa kwenye gombo. Mzabibu ulimezwa ndani. Ndege wakafuata, jina, siku, Torati, arusi. Raundi ya mwisho ilipochomekwa, maneno mawili mekundu yalibaki nje, na ua lao katikati.

Kulikuwa na mnong'ono kwenye viti. Mfanyabiashara mmoja wa Mtaa wa Church aliinama kwa Feist.

"Hiyo nyekundu, Obernauer. Mkono au mashine?"

"Mkono," Feist alisema.

"Wa nani?"

Gombo lilikuwa likipandishwa kurudi kabatini, na Gumprich mwenyewe, aliyelishika pazia, alikuwa ameweka kiganja juu ya lile ua ili lisikwaruzwe na mlango. Feist aliangalia mpaka mlango ukafungwa.

"Baada ya sala," alisema, "njoo nyumbani nikusimulie. Kutakuwa na mayai."